Mguu Mmoja Nje ya Kibanda cha Simu

Kondoo dume aliyening'oa meno alikuwa na pembe moja. Ile nyingine ilivunjika kabla sijazaliwa na hakuna aliyewahi kunieleza ilivunjikaje. Hiyo ilikuwa Matamba, Makete, kule juu ukielekea Kitulo, ambako mwezi wa sita unaamka asubuhi unakuta majani meupe kwa barafu, na mtoto anayechunga hana viatu. Dawa yetu ilikuwa moja tu: unamfukuza ng'ombe aliyelala, unasimama pale alipolala, nyayo zinapata joto. Mimi nilikuwa nimesimama hivyo, nimeinama nasugua vidole, mgongo nimewapa kondoo. Yule wa pembe moja akaja kwa nyuma. Nikaangukia jiwe kwa mdomo. Meno mawili ya mbele, ya juu, yakabaki pale. Na yalikuwa meno ya ukubwani, yale ambayo yakitoka yametoka.

Nilikwenda nyumbani natema damu. Baba alinifungua mdomo akachungulia kama anaangalia mdomo wa punda, akasema, "Viazi havihitaji meno." Akarudi kwenye kazi yake.

Krismasi ya mwaka ule wakamchinja yule kondoo. Nikasema nautaka ulimi. Watu wazima wakasema ulimi si wa mtoto. Nikasema basi mimi sili, na nikakaa nje kwenye baridi mpaka nikaletewa. Niliutafuna kwa meno ya pembeni, polepole, na sijawahi kula nyama tamu kama ile.

Sasa, lile pengo likaniletea mluzi. Kila nikisema neno lenye s, hewa inapenya katikati inapiga mluzi. Shuleni mwalimu wa darasa la tatu alikuwa ananisimamisha nisome kwa sauti ili darasa lichangamke. Siku moja alinirudisha kwenye mstari mmoja mara tatu. Mara ya tatu nikaweka kitabu juu ya dawati, nikatoka mlangoni, nikaenda nyumbani. Ndiyo shule yangu yote hiyo. Haya ninayoandika naandika kwa elimu hiyohiyo, kwenye daftari la mjukuu, na anayeona mwandiko mbaya asisome.

Mjukuu huyo ndiye aliyeanzisha maneno. Tulikuwa tunaota moto, yeye anachezea simu yake, nikamwambia hizo simu zenu hazifikii simu ya kibanda. Akacheka mpaka akakohoa. "Babu, yaani usimame foleni, uweke kadi, uongee watu wanakuangalia?" Nikamwambia ndiyo, wanakuangalia, na hapo ndipo ilipo nguvu yake. Hakuelewa. Basi nieleze, na nitaeleza kwa mwendo wangu.

Nilipokuwa kijana nilishuka Njombe kutafuta kazi, nikapata ya kubeba magunia kwenye ghala. Nikamwona binti mmoja wa mtaa wa Ramadhani. Mama yake alikuwa mjane, fundi wa kushona. Kanzu za kwaya kanisani kwao alishona zote yeye. Mshenga wangu aliniambia, "Wewe siku hiyo kaa kama gogo. Ukifungua mdomo tu, tumekosa." Nikakaa kama gogo, nikapata mke. Mke wangu alikuja kuniambia baadaye kwamba angenikubali hata ningesema, maana mtu mwenye mluzi huwezi kumpoteza sokoni.

Siku ya kumtoa nyumbani, mama yake alimpa cherehani. Cherehani yake mwenyewe, ile ya miguu, iliyomsomeshea watoto. Yeye akabaki na ya mkono. Niliibeba mgongoni kutoka Ramadhani mpaka kwangu, na mama mkwe alikuwa amesimama ndani nyuma ya pazia, asinione.

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa ajili ya wanaosoma na hawajui. Kwetu sisi, mwanamume na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawakai chini ya paa moja. Hawasemezani. Ukimwona anakuja njiani unaingia kwenye mahindi mpaka apite. Wapo wanaofungua mwiko huo kwa mbuzi au jembe, siku hizi wapo wanaocheka tu na kupeana mikono, lakini yule mama alikuwa wa kizamani. Miaka kumi na moja niliingia kwenye mahindi yake. Sauti yangu alikuwa anaisikia nikipita nyuma ya ukuta naongea na watu, na mimi yake naisikia akiimba nyimbo za kwaya. Mwisho ni hapo.

Zikaja enzi za ruksa. Maduka yaliyokuwa matupu yakajaa. Sabuni tuliyokuwa tunaipangia foleni ikawa inatutafuta yenyewe mlangoni. Nilifurahi, nani hakufurahi? Lakini ruksa hiyohiyo ililifunga ghala letu, na mimi nikabaki na mgongo usio na gunia. Kila aliyekuwa na akili, au aliyejiona anayo, akaingia kwenye mitumba. Nikaona watu wananunua belo moja la nguo, wanalifungua, wiki mbili wanaezeka bati. Belo hulifungui kabla hujalipa. Unaangalia kamba, unalipiga kofi, unaomba Mungu.

Mke wangu alikwenda msibani kijijini kwao siku nne. Siku ya pili niliiuza cherehani. Kwa nani? Kwa mtu mmoja aliyekuwa anapita kwenda Mbeya na lori. Akaipandisha juu ya magunia, akaenda nayo, na sijui jina lake mpaka leo. Sikuwa mlevi wala sikuwa na mwanamke mwingine. Ilikuwa tamaa, na naiita kwa jina lake.

Belo nililifungua mbele ya watu, kwenye soko, mwezi wa saba, upepo wa Njombe unakata masikio. Nikavuta ya kwanza. Nikavuta ya pili. Nikaingiza mkono mpaka chini kabisa. Zote zilikuwa nguo za kuogelea za wanawake. Zile za kubana, za rangi rangi, za huko baharini. Mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa anakuja upande wetu alizitazama, akageuka akarudi alikotoka. Mama mmoja muuza ulanzi, pombe ya mianzi, alinunua mbili, na alizitumia kuchujia. Wengine walicheka tu.

Mke wangu aliporudi hakupiga kelele. Aliingia chumbani, akaangalia pale ilipokuwa inakaa cherehani, sakafu ya udongo ilikuwa na alama nne za miguu yake. Akazitazama zile alama kwa muda mrefu. Kisha akafunga nguo, akachukua watoto wawili, akaenda kwa mama yake.

Wiki ya tatu akaja shemeji yangu, kaka yake, na ujumbe. "Mama anasema dada atarudi siku ile wewe utakapomwambia mama, kwa kinywa chako mwenyewe, ulichofanya. Hataki mshenga. Hataki barua."

"Lakini mimi siwezi kusema na mama."

"Ndiyo hivyo," shemeji akasema, na nikaona anazuia kucheka. "Na yeye anajua."

Hapo nilielewa. Mlango ulikuwa umefungwa, na waliofunga walihakikisha mimi siwezi kuufungua bila kuvunja mwiko. Nikiuvunja, mimi ni mshenzi, na mshenzi hapewi mke. Nisipouvunja, sina mke. Nikaenda Makambako kupakia malori, maana nyumba yenye alama nne sakafuni haikaliki.

Makambako ilikuwa hivi: barabara zinakutana, reli inapita, na watu wametoka kila pembe. Mchana kutwa nilikuwa natupia viazi na mbao kwenye malori yanayokwenda Dar es Salaam, na nikipumzika nakaa kibarazani kwa mtani wangu mmoja, Mngoni kutoka upande wa Songea, Mwislamu, mwenye duka la chai, betri na kadi za simu. Mbele ya duka lake ndipo kilipokuwa kile kibanda.

Ngoja nikielezee, maana nasikia kiling'olewa na hata shimo lake halionekani. Kilikuwa cha vioo juu, bati chini, na mlango wa kukunja uliokuwa unalia. Ndani kuna simu nzito kama jiwe la kusagia, waya wake umefunikwa chuma ili mtu asiukate. Unachomeka kadi, kwenye kidirisha kidogo zinatokea namba, na ukiongea zinashuka. Ukutani watu waliandika kwa kalamu, kwa mkaa, kwa msumari: namba za simu, majina ya wapenzi, bei ya mahindi. Na watu walikuwa wanakuja wamejiandaa! Nimemwona kwa macho yangu mtu amevaa tai. Mama mmoja alikuwa anapaka mafuta usoni kabla ya kuingia, na anayempigia yuko Morogoro. Huyo mjukuu anaongea na simu chooni. Halafu ananiambia tumeendelea.

Kibanda cha Makambako kilikuwa kinapiga tu, ukikipigia hakiiti. Lakini cha Njombe kilikuwa kinaita. Watu walikuwa wanaagana: Jumamosi saa fulani uwe pale, nitapiga. Nikakaa na hilo siku kadhaa, napakia viazi nalifikiria. Kisha nikaenda kwa mtani.

"Nipe kadi."

"Unataka kumpigia nani, mtani, na meno umeyaacha Makete?"

"Mama mkwe wangu."

Akaweka kikombe chini. "Nyinyi si mnakimbiana kama panya na paka?"

"Mwiko unasema uso. Mwiko unasema paa. Waya haujatajwa."

"Umesema kusemezana pia. Juzi tu ulinieleza hapahapa."

"Kusemezana ni watu wawili wamesimama pamoja. Huyu yuko Njombe."

Akakitazama kibanda. "Kile kina paa."

Nikatazama na mimi. Kweli, kilikuwa na paa. Nikafikiri. "Nitaacha mguu mmoja nje."

"Na yeye?"

"Yeye ni mtu mzima, atajua la kufanya na miguu yake."

Mtani alicheka mpaka wateja wakaingia kuuliza kuna nini. Lakini kadi alinipa.

Nilituma neno kwa kondakta wa basi la Njombe: Jumamosi, saa tisa alasiri, kibanda cha karibu na posta. Sikuamini kama atakuja. Kaka yangu mkubwa alipopata habari alinitumia salamu kwamba nikifanya hivyo, ukoo haunijui. Nikamrudishia salamu kwamba ukoo haukuwa unanijua hata nilipokuwa sina kazi.

Jumamosi nikaoga, nikavaa shati jeupe na kofia yangu ya sufu, nikapanga foleni. Zamu yangu ikafika, nikaingia, mguu wa kushoto nikauacha nje, mlango ukawa unanibana kwenye paja. Nikapiga. Upande wa pili mtu akapokea, nikasikia anasema, "Ndiye, mama, shika." Kisha kimya.

Nikageuka. Huwezi kumtazama mama mkwe, na ingawa simu haina uso, mwili ulikataa kuielekea. Nikaipa mgongo, mkono nimeuzungusha nyuma ya sikio kama mtu anayejikuna. Nikasubiri. Yeye ni mkubwa, nikasema moyoni, aanze yeye aniruhusu. Na yeye, nilikuja kuambiwa, alikuwa amefunika simu kwa khanga, ameupa ukuta uso, anasubiri mdogo amwamkie. Namba kwenye kidirisha zinashuka. Watu wa foleni wakaanza kugonga kioo kwa funguo.

"Baba, umelala humo?"

"Anasikiliza mahubiri huyo!"

Namba zikaisha. Simu ikalia pi pi pi, ikakata. Hakuna neno hata moja lililosemwa. Nilitoka, na mtani ananisubiri barazani.

"Mtani, kadi nzima umesikiliza upepo wa Njombe! Si ungeniuliza, ningekwambia unavuma."

Sikulala vizuri wiki ile. Niliona nimeshajaribu, nimeshindwa, na sasa wamepata na cha kunichekea. Lakini Jumatano kondakta akaniita kutoka dirishani, mdomo umejaa karanga.

"Yule mama kasema hivi. Kasema umempa heshima. Kasema alikusikia unapumua, na hata kupumua unapiga mluzi. Halafu kasema Jumamosi ijayo heshima uiache nyumbani, uje useme."

Basi. Jumamosi nyingine. Siku ya gulio, watu wamejaa, foleni imefika mpaka kwa wauza nyanya. Nilikuwa natoka kupakia, sikuoga, vumbi la viazi mwilini, ujira wa siku bado sijachukua. Nikaingia, mguu mmoja nje vilevile. Kofia nikaiweka juu ya simu, maana mbele ya mkwe huvai kofia, hata kama mbele yenyewe iko Njombe. Safari hii sikugeuka. Nikaiangalia simu.

"Kamwene, mama."

"Kamwene." Sauti ileile ya kwaya, lakini sasa iko ndani ya sikio langu. "Nani?"

"Mimi."

"Mimi wako wengi."

"Nimekuja kuomba samahani, mama. Nimeiuza cherehani uliyompa mwanao."

Mluzi ulitoka kwenye ile samahani kama wa refa.

"Sasa nimejua ni wewe. Endelea."

Nyuma yangu mzee mmoja kwenye foleni, mtu wa huku kwetu, amevaa koti refu, alikuwa ameelewa. Akaingiza kichwa pale mguu wangu ulipoacha nafasi. "Wewe! Unasemezana na mkweo? Huna aibu?"

"Aibu niliiuza pamoja na cherehani, mzee. Nisubiri nimalize."

"Nani huyo?" mama mkwe akauliza.

"Mtu wa foleni, mama."

"Foleni ina watu wengi?"

Nikageuka nikaangalia. "Imefika kwenye nyanya."

"Uliiuza kwa nini?"

"Kwa tamaa."

"Ukanunua nini?"

"Nguo."

"Nguo gani?"

Kusema mbele ya mama mkwe maneno yale! Namba zinashuka, foleni yote imenyamaza ghafla kama kanisani, hata wauza nyanya wamenyamaza.

"Za kuogelea, mama."

"Za nini? Sisikii."

"Za kuogelea!"

Foleni ikalipuka. Mtu mmoja alikaa chini kabisa. Mtani wangu yuko mlangoni kwake ameshika tumbo. Na mimi, sijui nini kilinipata, nadhani ni yule kondoo, nadhani ni yule mwalimu, nikaupiga mlango teke ukafunguka wote, nikawageukia watu wa Makambako na simu iko mdomoni, waya umenyooka mpaka mwisho.

"Chekeni! Niliiuza cherehani ya mke wangu, aliyopewa na mama yake, yeye yuko msibani! Nikanunua nguo za kuogelea, Njombe, mwezi wa saba! Nani mwingine kafanya? Si mimi? Haya, chekeni mmalize!"

Kila s ilipiga mluzi. Sikuziba hata moja. Na jambo la ajabu, kicheko kikafa. Mzee wa koti refu akaangalia chini.

Ndiyo maana namwambia mjukuu wangu. Katika simu yake hiyo angejificha chumbani, angesema kwa sauti ndogo, angetuma maneno bila hata kuyatamka, na mama mkwe angejuaje? Pale nilisimama mahali, watu wananiona, na yeye akawasikia wanaoniona. Sirudi nyuma kwenye hilo. Waliosema nilivunja mwiko wengi wamekwisha kuzikwa, na mimi bado naota moto.

Nikairudisha simu sikioni. Nikadhani imekata. Kisha nikasikia pumzi inapanda na kushuka, na sikujua ni mtu analia au anacheka. Mpaka leo sijui, maana sijawahi kumuuliza na mwiko hauruhusu.

"Nimesikia," akasema. "Njombe nzima imesikia. Mwanangu amesimama hapa kando yangu."

"Naomba nimsalimie, mama."

Nikasikia wananong'ona.

"Hataki simu. Anasema kinywa amekisikia, sasa anataka kuona miguu." Akakohoa. "Njoo umchukue. Ukifika mimi nitageukia ukutani."

Kwenye kidirisha zilikuwa zimebaki namba nyingi tu. Mwenye akili angeuliza hali ya watoto, angeuliza aje lini, aje na nini. Mimi niliangalia chini, nikaona mguu wa kushoto uko nje tayari, umekuwa nje muda wote. Nikautoa na wa kulia.

Simu niliiachia ikaning'inia inazunguka na chuma chake. Nikapita katikati ya foleni, wakanipisha.

"Baba, kadi yako! Ina yuniti bado!"

"Kofia, baba!"

"Mtani!" yule Mngoni akaita kutoka barazani. "Na ujira wako? Gari la viazi linakusubiri! Unakwenda wapi?"

Nikashika barabara ya Njombe kwa miguu, bila kusubiri lori lolote, na Makambako sikurudi tena.